Koti la Baba Lilivyopanda Maharagwe

Nianze na waliokuwapo nyumbani kwetu siku ile ya foto, maana habari bila watu wake ni sufuria bila kifuniko. Alikuwapo Koko Nabindu, bibi yetu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba yetu. Alikuwapo mama yangu, Mauwa, mke wa mtoto wa pekee wa Koko. Kaka yangu Mlondani, kifungua mimba, alikuwapo, amevaa kofia ya baba iliyomfunika hadi masikio. Mdogo wetu Bahati alikuwa mgongoni mwa mama. Mama Tabu, jirani yetu wa upande wa juu, si ndugu wa damu, lakini tulikimbia naye katika kamiyo moja, lori moja, na kwa mkimbizi hiyo inatosha kuwa undugu. Bwana Tumwine, Munyankore, mwenyeji wa hapa, karani wa mashamba, alisimama. Madamu Ruti, mzungu wa Marekani aliyekuja kutoka Mbarara kupima watoto, alikaa kwenye kiti chetu kimoja. Na mimi nilikuwa chini karibu na miguu ya Koko, meno ya mbele yameng'oka. Baba yangu, Wilondja, hakuwapo. Na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Sikuwa nimefikiria siku hiyo kwa muda mrefu. Juzi nilienda hospitali ya Ruharo kutibiwa macho, nikalala kwa mjukuu wangu Furaha aliyepanga chumba Kakiika. Bandeji ilipotoka, dunia ikawa safi mpaka nikaona vumbi lote la chumba chake, nikanyamaza kwa heshima. Yeye akanipa simu nijaribu macho mapya. "Koko, angalia hizi foto. Za zamani sana. Marekani, watu wa mashambani, wakati wa vita yao kubwa." Akaniambia kule zimetunzwa zote, na siku hizi mtu yeyote anaziangalia bure.

Akawa anazisukuma kwa kidole. Watu wanapanga foleni. Watoto wanavuta mkokoteni. Ng'ombe wanene. Halafu akaja mwanamke juu ya trakta, amevaa pantalo, suruali ya kiume, na kofia ya kiume, mikono ya shati ameikunja mara nyingi kwa sababu shati si lake. Mayai ya Furaha yalikuwa yanakaangika pembeni, lakini mimi sikusikia tena harufu ya mayai. Nilisikia harufu ya koti lililoloa: tumbaku, moshi wa samaki, na mvua.

"Huyu namujua," nikasema.

"Utamujua wapi, Koko? Huyu alikufa hata mama yangu hajazaliwa."

"Siye yeye. Lakini namujua."

Ninyi wenzangu mnaokumbuka, mimi nimekuwa mkimbizi hapa kambini Nakivale mara mbili. Mara ya kwanza mtoto. Kisha tukarudi kwetu kule juu ya ziwa Tanganyika, nikaolewa, nikazaa, vita ikatuamsha tena, nikarudi hapa hapa na wajukuu. Mara ya pili ndiyo mimi niliyewaonyesha wageni njia ya kwenda ziwani, kama mwenyeji. Lakini Nakivale ya mara ya kwanza haikuwa hii yenye maduka. Kulikuwa na nyasi, miiba, ziwa, na viboko waliokuja kula mashamba ya watu bila kupanga foleni kama sisi.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtacheka. Kwa ukoo wa baba yangu, mbegu haitoki kwenye kibuyu ovyo. Mwanamke analima, anapalilia, anavuna, anatwanga, anapika, lakini kufungua kibuyu cha mbegu mvua inapoanza ni kazi ya mume. Anachomoa gunzi linalokiziba, anatia mkono, anaweka punje kwenye mashimo ya kwanza, kisha anaweza kwenda kulala kama anataka, na baba yangu alikuwa anataka. Mwanamke akikifungua kwa mkono wake mwenyewe, maana yake ni moja: mume amekufa. Hahitaji kusema neno. Watu wakimwona tu, wanaanza kulia.

Tulipokimbia mara ya kwanza, mama alitoka nyumbani na kibuyu cha maharagwe kichwani, punje zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Baba alikuwa nasi mpaka mpakani. Pale kamiyo ikajaa wanawake na watoto, wanaume wakaambiwa wangoje ya pili. Kulikuwa na baridi. Baba akavua koti lake la kaki akamfunika Bahati, akamvika Mlondani kofia, akamwambia mama, "Nakuja na hiyo ya pili." Sisi tukaondoka. Ya pili haikuja.

Kwa hiyo shamba letu hapa lilikuwa limelimwa vizuri kuliko yote ya mlima ule, jekundu, laini, limesafishwa hata vijiti, na lilikuwa tupu. Majirani walikuwa wameanza kupanda. Bwana Tumwine alipita na baiskeli yake, akasimamisha mguu mmoja chini.

"Nyabo, mama, wewe napanda lini?"

"Kesho, bwana," mama akajibu.

"Kesho yako iko ngapi? Mvua nakuja. Shamba kama haina kitu, mkubwa nasema napatia mutu ingine. Mimi nakuambia kwa uzuri."

Mama Tabu naye alikuja, akakitikisa kibuyu karibu na sikio lake. "Mauwa, hizi zimeanza kulia kama njuga. Mvua hii ikipita hazioti tena. Utazipika tu."

Siku hiyo mama akajitia moyo akamwendea Koko, aliyekuwa anachagua mawe kwenye unga wa posho.

"Mama, batoto batakula nini?"

"Posho si wanatoa?"

"Posho inaisha kabla ya kutolewa ingine. Na shamba watachukua."

Koko hakuinua kichwa. "Fungua. Nani amekukataza? Fungua kibuyu, kisha uje hapa uninyoe nywele, unipake majivu, uniambie sasa nilie. Mimi nimezaa mumoja tu. Fungua, binti yangu, mimi niko hapa."

Mama akakirudisha kibuyu kwenye kona. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Walikuwa wanapendana, na kila mmoja alikuwa na haki, na njaa ilikuwa inakuja.

Mimi niliyasikia hayo nikayaelewa kwa akili yangu ya bila meno. Nikaamini kabisa kwamba pumzi ya baba imo ndani ya kibuyu. Nilikuwa nikipita karibu nacho nanyata. Mlondani alipotupa mpira wa majani ya migomba upande ule, nilimuuma mkono kwa fizi.

Sasa Madamu Ruti. Alikuwa anakuja kupima watoto, anawaweka kwenye kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mzani, na wamama wengi walimwogopa. Walisema mtoto akipimwa, uzito unabaki kwa mzungu. Koko hakumwogopa, ila alimuuliza kitu ambacho kwetu mgeni lazima ajibu kabla ya kupewa maji: "Wewe ni mutoto wa nani?" Bwana Tumwine alitafsiri. Madamu Ruti alifikiri, akasema atajibu akirudi. Na aliporudi alikuja na kitabu kizito cha foto, akaomba kukaa kwetu, nyumbani kwa yule aliyemuuliza. Ndiyo siku ile niliyowatajia watu wake mwanzoni.

Foto zilikuwa nyeusi na nyeupe, zimebandikwa kwenye karatasi nene, zinanuka sabuni. Koko alizishika mwenyewe, sisi tukazunguka. Bwana Tumwine akawa anatueleza kwa Kiswahili chake cha serikali, anachoma kila foto kwa kidole.

"Hii ni baba yake Madamu. Hii ni nyumba ya mahindi. Hii ni ng'ombe yao. Hii yote ni wakati ya vita kubwa."

Tulishtuka. Hatukujua kama wazungu nao wanapatwa na vita wakiwa na watoto. Tukaanza kuwaangalia vizuri, kama watu wa kwetu. Palikuwa na foto ya watoto wanakokota vyuma vikuukuu na magurudumu. Mlondani akasema kwa huruma, "Hata bazungu hawana vitu vya kuchezea." Palikuwa na foto ya chupa za kioo, nyingi, zimepangwa mpaka darini, ndani kuna maharagwe na nyanya na vitu vingine. Mama Tabu akashika shavu.

"Maskini! Wanafungiwa chakula kwenye chupa kama dawa. Asubuhi kijiko, jioni kijiko."

"Ndiyo maana wembamba," akasema Koko.

Kisha Koko akafunua ukurasa, na hapo akakaa mwanamke juu ya trakta. Pantalo, shati, kofia. Nyuma yake shamba lisilo na mwisho.

"Huyu mwanaume ana maziwa kifuani," akasema Mama Tabu.

Bwana Tumwine akacheka. "Hapana. Hii ni mama yake Madamu. Bwana yake nakwenda vita mbali sana, kuvuka maji. Hii mama nabaki na shamba. Sasa nalima, napanda. Hii pantalo, hii kofia, yote ni ya bwana."

Koko akakileta kitabu karibu na pua. "Ya bwana?"

"Ya bwana."

"Muulize. Hapo bwana alikuwa hai, ao amekufa?"

Akaulizwa. Madamu Ruti akatabasamu, akajibu maneno mengi, na Bwana Tumwine akayafupisha: "Hai kabisa. Vita nakwisha, nakuja nyumbani, nazaa tena. Nakufa mzee."

Nilimwangalia yule mwanamke, nikaangalia mikono ya shati iliyokunjwa, na jambo likanikalia wazi kama jua. Nikasema kwa nguvu, maneno yanapita pasipo na meno:

"Koko! Amemuvaa bwana yake! Ni bwana ndiye anapanda. Ndiyo maana hakukufa!"

Mama aliniangalia. Mama Tabu alifungua mdomo. Koko alinishika kidevu, akanigeuza uso kama mtu anayeangalia sindano iliyopotea muda mrefu ikaonekana kwenye mkeka.

"Kumbe," akasema. "Kumbe bazungu nao wana akili."

Akarudi kwenye foto ile moja, akaiangalia, akaitikia kwa kichwa, akaigusa. Madamu Ruti alifurahi sana, macho yakamjaa maji, akidhani tumempenda mama yake. Na tulimpenda, hilo kweli. Siku ile wamama walileta watoto kwenye mzani bila kusukumwa, maana sasa alikuwa mtoto wa mtu.

Kulipokucha, mvua ya kwanza ilikuwa imepita na udongo unanukia. Koko akalichukua koti la kaki kwenye msumari, akalinusa, akalikung'uta. Akamvua Mlondani kofia, Mlondani akalia kama aliyenyolewa. Akamsimamisha mama mbele ya mlango.

"Mama, watu watacheka," mama akasema.

"Wacheke. Kwani wamekufa? Ingia."

Mama akaingia kwenye koti. Lilimfika magotini, juu ya kitenge, mikono imepita vidole, Koko akaikunja mara nyingi kama ya yule wa kwenye foto. Akamvika kofia. Kisha Koko akarudi nyuma hatua kidogo, akajisafisha koo, akamsalimia:

"Wilondja. Umeamka?"

Mama akatazama nyuma yake.

"Itika! Mama yako anakusalimia."

"Nimeamka, mama," mama akasema kwa sauti nzito, sauti ya kisimani.

"Umelala vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Haya. Chukua mbegu, mvua haingoji muvivu."

Tulishuka shambani, Koko mbele. Majirani walikuwa wameshasimamisha majembe. Mama akakiweka kibuyu chini, akashika gunzi. Mimi nikafumba macho na kuziba sikio moja tu, maana la pili nilitaka nisikie kama baba anakufa. Nikasikia gunzi linatoka. Nikasikia mkono unaingia. Nikasikia maharagwe yanaongea ndani ya kibuyu, shwa, shwa, na basi. Hakuna aliyelia. Nilipofumbua macho, punje zilikuwa zimeshalala kwenye shimo, na udongo juu yake.

Hapo Koko akapandisha sauti mlima wote usikie.

"Usipande karibu-karibu, Wilondja! Kila mwaka nakuambia!"

"Ndiyo, mama," likasema koti.

"Na inama! Huo mugongo wa kuogopa kuinama ulitoa kwa baba yako!"

"Ndiyo, mama."

"Na usifikiri utakwenda kulala kisha ya mashimo ya kwanza. Leo unamaliza na mstari!"

Mama Tabu akacheka mpaka akaketi juu ya tuta lake. Halafu nikaona kofia inatikisika, mabega ya koti yanatikisika, na kwa chini ya kofia ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kamiyo ile. Mama alikuwa anacheka. Alicheka ameshika mbegu mkononi, machozi yanashuka kwenye koti la baba, na Koko akaendelea kumgombeza ili aendelee kucheka.

Baada ya hapo hakuna aliyetuambia kitu. Mama Tabu alikuwa amemwacha mumewe Byaombe nyumbani na hakuwa na koti lake wala kofia, alikuwa na mkanda tu, wa ngozi. Akajifunga mkanda, akapanda mahindi. Mwingine kule chini akavaa soksi za mumewe, amepandisha mpaka magotini. Wanawake wa upande ule wote, wale ambao wanaume wao walikuwa hawajafika, walivaa walichokuwa nacho, na jua la hapa mnalijua. Bwana Tumwine alipokuja na baiskeli, akakuta mlima umejaa makoti.

"Hii ni jeshi gani?"

"Ni wanaume wetu, bwana," Koko akamjibu. "Wamefika."

Bwana Tumwine aliangalia makoti, akaangalia mistari ya mbegu, akainua kofia yake mwenyewe. "Karibu, wanaume," akasema, akapanda baiskeli akaenda. Shamba letu hakulitaja tena.

Maharagwe yaliota. Nasema yaliota, hata yale yaliyolia kama njuga. Tulikula majani, kisha tukala mabichi. Maganda yalipoanza kukauka, mchana mmoja, mtu mwembamba akaonekana anatokea upande wa Rwekubo kwa miguu, amevaa shati si lake. Mlondani ndiye aliyeujua mwendo. Alikimbia bila kusema kitu, na sisi tukakimbia kwa kuwa yeye anakimbia.

Sitaeleza kilio cha Koko, mnakijua. Nieleze kilichofuata. Baba aliketi, akapewa maji, akamshika Bahati ambaye alimkataa. Alicheka kidogo. Kisha macho yake yakaenda kwenye shamba, yakakaa pale. Nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa anajua mila ya kwao. Shamba limepandwa, na yeye hakuwapo. Basi ama alikwisha kuliliwa, ama kuna mwanaume mwingine aliyefungua kibuyu.

Akaweka kikombe chini. "Nani alipanda hapa?"

Mama Tabu, aliyekuwa amekuja kusalimia, akaangalia miguu yake.

"Ni weye," mama akasema.

"Mauwa. Nani alipanda?"

Koko akainuka, akaingia ndani, akatoka na koti. Akalitandaza kwenye magoti ya mwanawe, akamwonyesha tope lililokaukia kwenye mikono.

"Ona mikono yako," akasema. "Na tena ulipanda karibu-karibu."

Baba akaliangalia koti. Akamwangalia mama, ambaye alikuwa ameficha mdomo kwa kitenge. Ilimchukua muda, lakini kicheko kilipompata kilimtupa chini kwenye mkeka, mtu mzima, mwembamba hivyo, anacheka amekumbatia koti lake. Bahati akaanza kucheka naye, na hapo ndipo alipomkubali.

Hayo nilimwambia Furaha, mayai yamepoa. Akanisikiliza vizuri, ni mtoto mwenye adabu. Kisha akasema polepole, "Koko, yule mama alivaa pantalo kwa sababu sketi ingenaswa na masini ya trakta. Pantalo ya bwana ndiyo ilikuwa karibu. Kule hakuna mila kama hiyo."

Nikafikiri. Nikala yai. "Masini ya kunasa sketi," nikasema.

"Ndiyo, Koko."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Nikamwomba anirudishie foto. Kwa macho yangu mapya niliona vile mikono ya shati ilivyokunjwa, kwa uangalifu, mtu asiharibu nguo ambayo mwenyewe atakuja kuitafuta. Mwanamke hakunji hivyo kwa ajili ya masini. Sikumwambia Furaha. Ana shule, mimi niliishia la tatu, na siku yake ya kukunja mikono ya shati la mtu isije.

Sasa ninyi mliokuwapo, mliobaki, au watoto wenu mliowasimulia, kama nimekosea mnisahihishe. Huenda ule mkanda wa Byaombe haukuwa wa ngozi. Huenda baiskeli ya Bwana Tumwine alikuwa ameiacha barabarani siku ya makoti, akaja kwa miguu. Huenda mgongoni mwa mama hakuwa Bahati, alikuwa mtoto wa Mama Tabu aliyeshikiwa kidogo. Na yule wa soksi, jina lake limenikimbia, na hili linaniuma kwa kuwa majina mengine yote ninayo. Semeni, nitawashukuru, nitabadilisha.

Lakini maharagwe yale msiniguse. Alipanda baba.